Jinsi ya Kuchunguza Athari ya Uga Dhaifu wa Sumaku kwa Ukuaji wa Seli za Saratani Ukiwa Mtwara

Anayetaka kujua iwapo uga dhaifu wa sumaku hubadilisha kasi ya kukua kwa seli za saratani hana budi kuishughulikia sumaku kwanza, seli zifuate. Mwaka 2010 Carlos Martino na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kuupunguza uga wa Dunia kulipunguza kasi ya ukuaji wa aina kadhaa za seli za saratani zinazooteshwa maabara. Maelezo ambayo Frank Barnes wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake wameyatetea yanahusu radikali huru. Hizi ni molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, ambazo mara nyingi huzaliwa mbilimbili, na uga wa sumaku unaweza kuathiri iwapo jozi hiyo itaungana tena au itaachana. Kutokana na hilo, kiasi cha haidrojeni peroksaidi ndani ya seli hubadilika, nacho ni miongoni mwa ishara zinazoamua seli igawanyike au itulie. Nadharia hii bado inabishaniwa, na katika fani hii matokeo mengi yameshindwa kurudiwa katika maabara nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuupima uga wa mahali ulipo. Uga wa Dunia hutofautiana kati ya takriban maikrotesla (kizio cha kupimia nguvu ya uga wa sumaku) 25 na 65: London ni karibu 49, ilhali pwani yetu ya kusini ni kati ya 30 na 35, na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta ya sumaku, uga wetu huelekea kaskazini huku ukiinuka kuelekea angani. Kwa hiyo seli zinazooteshwa Mtwara katika hali ya kawaida tayari ziko katika uga dhaifu kuliko wa Ulaya, jambo ambalo kwa maoni yangu ni hazina kwa mtafiti wa huku, mradi alipime. Simu nyingi za kisasa zina kipima-sumaku na zinatosha kwa ukaguzi wa awali wa chumba. Kwa vipimo vya kuandika kwenye ripoti tafuta kipimo cha mihimili mitatu. Pima kila sentimita chache juu ya meza, kisha ndani ya inkubeta kwenyewe, yaani kabati lenye joto maalumu la kuoteshea seli. Portelli, Schomay na Barnes walionyesha mwaka 2013 kwamba uga ndani ya inkubeta hutofautiana sana kutoka sehemu moja hadi nyingine ya rafu ileile, kwa sababu ya feni, mota na vyuma vyake. Sahani mbili zilizo jirani zinaweza kuwa katika mazingira mawili tofauti kabisa ya sumaku bila mtafiti kufahamu. Nondo za ukutani, meza ya chuma na friji nazo huupotosha uga.

Baada ya hapo tengeneza koili za Helmholtz, yaani duara mbili za waya zinazolingana, zilizotenganishwa kwa umbali sawa na nusu kipenyo chake. Fundi yeyote anayesuka mota mjini anaweza kuzisuka kwa waya wa shaba wenye varnishi, juu ya fremu ya mbao au plastiki, bila msumari wala skrubu ya chuma. Koili zenye nusu kipenyo cha sentimita 15 na mizunguko 100 kila moja, zikipitishwa mkondo wa miliampea 50, huzaa katikati yake takriban maikrotesla 30, kiasi kinachokaribia kuufuta uga wetu wa asili iwapo mhimili wake utaelekezwa sawasawa. Jozi tatu zinazokatana kwa pembe mraba hurahisisha kazi, kwani kila upande hurekebishwa peke yake. Tumia betri ya sola yenye kidhibiti cha mkondo: betri haina mtikisiko wa hezi 50 wa umeme wa gridi, na umeme wa gridi ukikatika koili huendelea kufanya kazi. Kidhibiti ni cha lazima kwa sababu ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Kundi linganishi ndilo moyo wa kazi hii. Haitoshi kuziweka sahani nyingine kwenye koili iliyozimwa, kwa kuwa koili iliyowashwa hutoa joto, na seli huitikia hata mabadiliko madogo ya joto. Suka kila koili kwa nyaya mbili sambamba. Mikondo ikienda upande mmoja uga huzaliwa, na ikipingana uga hufutika huku joto likibaki lilelile. Mtu mwingine ndiye achague swichi na kuficha siri hiyo mpaka hesabu ikamilike, na baada ya kila jaribio makundi yabadilishane nafasi.

Kabla ya kugusa seli za binadamu, fanya zoezi zima kwa hamira ya dukani katika maji ya sukari. Maabara ya sekondari inatosha, na makosa ya mpangilio yataonekana kwa gharama ndogo. Amua mapema iwapo kichipukizi, yaani seli changa inayochipua kwenye seli ya hamira, kitahesabiwa kuwa seli. Seli za saratani zenyewe, kama HT-1080 (aina ya seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabara), zinahitaji nyuzi 37, kabonidioksaidi asilimia 5, kabati la usalama wa kibiolojia, uhakiki wa asili yake na kipimo cha mikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli bila kuonekana. Zioteshe ndani ya maabara yenye uwezo huo pekee, hata kama ni kuzisafirisha koili zako hadi Dar es Salaam, na uga upimwe upya huko. Kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiombwe mapema.

Hesabu seli kila siku kwa kioo cha kuhesabia chini ya hadubini, ukitumia rangi ya tripani buluu inayoingia katika seli zilizokufa. Wastani wa seli katika mraba mkubwa mmoja, ukizidishwa kwa 10,000 na kwa kiwango cha uchanganyaji, ndiyo idadi kwa mililita. Sahani sita zilizopandwa siku moja kutoka chupa moja ni jaribio moja, si sita. Marudio ya kweli hufanywa siku tofauti, kwa seli zilizoandaliwa upya.

Yeyote atakayekuuliza kama koili zinatibu, mwambie waziwazi kwamba hazitibu, na mwenye uvimbe au kidonda kisichopona aende Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Katika ripoti taja uga kwa mihimili yote mitatu, mahali ulipopimwa, joto la kila kundi na idadi ya marudio, na matokeo yasiyoonyesha tofauti yachapishwe kwa ukamilifu uleule.