Kabla hujaandika neno "aleji" kwenye simu yako

La kwanza halina mjadala. Kama mtu amekula kitu, amemeza dawa au ameumwa na nyuki, na sasa kifua kinapiga filimbi, ulimi unavimba, anatapika mfululizo au anaishiwa nguvu, usitafute chochote mtandaoni. Simu itumie kuita usafiri. Dawa ya kwanza ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini kwenye paja, tena haraka. Vidonge vya aleji kama Piritoni na setirizini hupunguza muwasho, lakini hazifungui njia ya hewa iliyobana. Kusoma kuna wakati wake, nao ni siku ambayo hakuna anayeumwa.

Siku hiyo ya utulivu, anza na karatasi. Andika ni kitu gani kilichomdhuru, alikitumia saa ngapi, dalili zilianza baada ya muda gani na zilikaa siku ngapi. Ukiingia mtandaoni bila hayo, kila utakachosoma utaona kinakuhusu. Neno aleji tumelitwisha mizigo mingi. Anayejaa gesi akinywa maziwa anasema ana aleji, kumbe mara nyingi utumbo wake una upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Hiyo si aleji, na ushauri wake ni mwingine kabisa.

Kama ni dawa, andika jina lake kamili, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye pakiti. Hapa ndipo familia yetu ilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mdogo wangu ana aleji ya salfa, na ni aleji ya kweli. Mwaka 2004, akiwa darasa la tatu, alipewa Fansida, dawa yenye salfa ndani yake. Ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania tangu 2001 hadi mseto ulipoingia mwishoni mwa 2006. Wiki moja na kitu baadaye midomo ikachubuka, malengelenge yakatoka mdomoni na mgongoni, akalazwa. Tangu hapo wimbo wa mama ulikuwa mmoja: huyu salfa asiguse.

Alipopata ujauzito alilisema hilo siku ya kwanza kliniki, na nesi akaandika kwenye kadi kwamba asipewe SP. Sahihi kabisa, maana SP, vile vidonge ambavyo wajawazito humeza mbele ya nesi kujikinga na malaria, vina salfadoksini ndani yake. Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini usiku, akiwa peke yake na wasiwasi wa mimba ya kwanza, aliandika kwenye simu: vitu vya kuepuka mwenye aleji ya salfa.

Akapata orodha ndefu, kwa Kiswahili kinachosomeka vizuri tu. Mayai. Vitunguu maji. Vitunguu saumu. Kabichi. Sabuni za povu jingi. Na mwishoni kabisa, kwa herufi nzito: dawa yoyote yenye neno salfeti. Akaenda kabatini, akageuza pakiti ya vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, akasoma "feras salfeti". Akavirudisha alikovitoa.

Hakumwambia mtu. Nesi akimuuliza kama anameza, anaitikia. Nilipokwenda kumtembelea, mimba ikiwa ya miezi saba, nilimkuta hawezi kutoka uani hadi sebuleni bila kusimama kuvuta pumzi. Viganja vimepauka. Kando ya kitanda kuna kikombe cha udongo. Hamu ya udongo tumezoea kuiita mambo ya ujauzito, lakini inaweza kuwa dalili kwamba madini ya chuma yamekwisha mwilini. Kesho yake wingi wa damu ulisoma 6.2. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Alilazwa, akaongezewa chupa mbili, mimi na shemeji tukatoa damu yetu kurudisha. Pakiti za vidonge nilizikuta nyuma ya khanga zake, nne, hazijafunguliwa hata moja.

Daktari hakumgombeza. Alivuta karatasi akatufundisha kama watoto wa shule, na nitakushukuru ukiyasoma haya polepole. Salfa ya wodini ni ukoo wa dawa: salfadoksini ya kwenye SP, salfamethoksazoli ya kwenye Septrini, salfadiazini ya kwenye krimu ya kupaka vidonda vya moto. Mwili wa mdogo wangu unakataa dawa za ukoo huo. Salfa ya kitabu cha kemia, ambayo wazee waliiita kiberiti, ni elementi iliyomo kwenye mayai, vitunguu, hata kwenye nywele na misuli yako; huwezi kuwa na aleji nayo. Salfeti ni chumvi tu. Ndiyo inayobeba chuma kwenye vidonge vya damu, zinki kwenye vidonge vya mtoto anayeharisha, na magnesi kwenye sindano ya kifafa cha mimba. Salfaiti ni kihifadhi kinachowekwa kwenye mvinyo na matunda yaliyokaushwa. Inaweza kumwamshia pumu mwenye pumu, lakini haina udugu na Septrini.

Vitu vinne. Viwili vya mwanzo Kiswahili kimevipa jina moja, na aliyeitafsiri ile orodha, awe mtu au mashine, hakuona mpaka. Hata wanaosoma kwa lugha nyingine huvichanganya. Mimi hulala nikimfikiria mama mwenye kifafa cha mimba anayekataa sindano ya magnesi kwa sababu ya orodha ile. Siku hizi kadi ya mdogo wangu haina neno salfa peke yake. Imeandikwa salfadoksini na salfamethoksazoli, kwa kirefu, na maneno hayo ndiyo anayoyaandika akitafuta chochote. Mtoto alizaliwa na kilo 2.3. Sasa anakimbia.

Kwa hiyo, kabla hujaacha dawa yoyote ya kliniki kwa sababu ya ulichosoma, rudi na pakiti mkononi ukaulize. Nenda na aibu yako, lakini nenda.

Tarehe. Ukurasa wa afya usio na tarehe, upite. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri watoto walio katika hatari kubwa ya aleji wasipewe karanga hadi miaka 3. Mwaka 2008 kikaachana na ushauri huo. Mwaka 2015 timu ya mtafiti Gideon Lack wa London ikatoa matokeo ya utafiti wa watoto 640 wenye ukurutu (ekzema) mkali wa ngozi au aleji ya mayai: walioanza kula karanga wakiwa wachanga walipata aleji ya karanga kwa kiasi kidogo sana, pungufu ya takriban asilimia 80, kuliko walioepushwa nazo. Ushauri umegeuka, lakini kurasa za zamani bado zipo na bado zinasomwa. Kina mama wangapi wanamnyima mtoto uji wa karanga kwa maneno yaliyofutwa zamani? Karanga ziwe zimesagwa, mtoto mdogo hapewi nzima akapaliwa. Na mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Angalia kama ukurasa unauza kitu. Ukiona namba ya kuagizia chini ya maelezo, hayo ni matangazo.

Vipimo vya damu vinavyotumwa nyumbani vikidai kukuonyesha vyakula mia usivyovimudu kwa kupima kingamwili (protini za ulinzi wa mwili) za aina ya IgG, hifadhi pesa yako. IgG huonyesha zaidi kwamba umewahi kula chakula hicho. Kingamwili inayohusika na aleji za ghafla ni IgE, na hata hiyo husomwa pamoja na historia ya mgonjwa. Ndiyo maana nikakwambia uanze na karatasi.

Picha nazo zitazame kwa jicho la pili. Nyingi ni za ngozi nyeupe, zinakwambia utafute wekundu. Kwa ngozi zetu ukurutu unaweza kuonekana kijivu, zambarau au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka, na vipele unaweza kuvigusa kwa kidole kabla hujaviona kwa jicho.

Na usome cha mahali unapoishi. Kurasa za chavua ya majira ya kuchipua ya Ulaya hazimsaidii sana anayepiga chafya Dar es Salaam; huyo asome kuhusu wadudu wa vumbi la godoro, mende na ukungu wa ukutani. Mahali pa kuanzia pawe Shirika la Afya Duniani, au NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ambayo huandika lini ukurasa ulipitiwa mara ya mwisho.

Usisome usiku wa manane. Usimtumie mwenzako orodha ambayo hujaisoma mwenyewe hadi chini. Mwenye mimba ya kwanza asiachwe peke yake na simu na hofu. Dada wa kazi ajue kinachomdhuru mwenye aleji, bibi ajue, mwalimu ajue, maana siku ya tukio huenda usiwepo. Na namba ya kituo cha afya kinachofungua usiku iwe tayari kwenye simu, tena kwenye simu ya kila mtu aliye nyumbani, hata yule asiyependa kuandika namba.