Mafunzo kwa Vitendo ya Fiziotherapia Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kenya Anayekuja Tanga

Mwanafunzi wa fiziotherapia akisikia habari ya mafunzo nje ya nchi, mawazo yake hukimbilia Ujerumani au India, akasahau kwamba kwa mtu wa Mombasa nje ya nchi ni kuvuka kivuko cha Likoni, kupita Ukunda na Msambweni, kugonga muhuri Lungalunga na Horohoro, kisha kuingia Tanga siku hiyo hiyo. Nimewapokea wanafunzi wa namna hii kwa miaka kadhaa, na karibu wote huniuliza maswali yale yale kwenye simu, tena mara nyingi wiki moja kabla ya kusafiri, wakati baadhi ya majibu hayawezi tena kuwasaidia.

Jambo la kwanza ni kutaja sawasawa unachokitaka. Huku Tanzania tunatenganisha mafunzo kwa vitendo, ambayo mwanafunzi huyafanya akiwa bado chini ya chuo chake, na utarajali, ambao ni wa aliyekwisha kuhitimu. Ukiandika barua ya kuomba utarajali hali bado uko mwaka wa tatu, barua yako itazungushwa ofisi hadi ofisi bila mtu kujua aifanyie nini. Kabla hata ya kuandika, kiulize chuo chako iwapo saa utakazofanya nje ya Kenya zitahesabiwa, na jibu hilo ulipate kwa maandishi, kwa sababu Kenya ina baraza lake la wanafiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 na chuo chako ndicho kinachojua baraza linadai nini. Nimemshuhudia kijana aliyefanya kazi nzuri kwa wiki nane, akarudi nyumbani na kuambiwa arudie zote.

Barua yenyewe haiandikwi kwa mtaalamu unayemfahamu, hata kama ni mjomba wako. Huandikwa kwa Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeiongoza hospitali, kwa mfano wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kama ndiko unakotaka kwenda, na nakala hupelekwa kwa mkuu wa kitengo cha fiziotherapia. Iwe na kumbukumbu namba, kichwa cha habari kinachoanza na “Yah:” (kifupi cha “Yahusu”), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mwaka wa masomo uliofikia, mambo ambayo chuo kinataka ujifunze, na jina la mhadhiri atakayewajibika kwa ajili yako. Uliza ndani ya barua hiyo kuhusu ada ya mafunzo, na uliza pia kama kuna wanafunzi wa vyuo vya hapa watakaokuwapo majira hayo, kwa maana wanafunzi kumi wakimzunguka mgonjwa mmoja, tisa kati yao wanajifunza kusimama tu. Itume mapema, miezi mitatu au minne kabla, halafu uifuatilie kwa adabu.

Kuhusu mpaka, Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini muhuri wa mgeni aliyekuja kutembea si ruhusa ya kushika wagonjwa. Kibali cha ukaazi cha wanafunzi wa kigeni huangukia kundi liitwalo Daraja C, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamtambua mwanafunzi anayetoka nchi mwanachama. Kibali kinachokufaa hutegemea urefu wa mafunzo yako, kwa hiyo wasiliana na Idara ya Uhamiaji ukiwa na barua ya hospitali mkononi kabla ya safari. Chukua pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinachomvusha Mkenya kwenda Uganda na Rwanda hakifanyi kazi Horohoro.

Kwa upande wa afya, kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani, na chanjo hiyo huhesabika kuwa halali baada ya siku 10 tangu kuchomwa, kwa hiyo usiichome asubuhi ya safari. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita kutoka ile ya kwanza, jambo linaloonyesha kwamba maandalizi ya mafunzo huanza muda mrefu kabla ya barua. Anayetoka Nairobi au nyanda nyingine za baridi azungumze na daktari wake juu ya malaria. Bima ya afya inayokubalika Tanzania usiipuuze.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo wageni wetu wa Kenya hudhani si tatizo kwa kuwa wote tunasema Kiswahili. Kwanza, hapa hakuna matibabu kabla ya salamu. Mgonjwa aliyekuzidi umri utamwamkia “Shikamoo”, utangoja “Marahaba”, utamwita Bibi, Babu, Mama au Mzee, ndipo uulize kilichomleta. Usimwambie “kuja hapa, lala hapo”. Mwambie “naomba ulale chali”, au kifudifudi, au kiubavu, na ukitaka akunje goti, mwombe akunje goti. Mwanafunzi anayetoka Kwale na kusema Kidigo ana bahati, kwani Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na nimeona mzee aliyekuwa amenuna akifunguka papo hapo baada ya kusikia lugha ya kwao.

Pili, kuna maneno yanayoweza kukupoteza katika uchunguzi. Mgonjwa akisema mguu unamuuma, anaweza kuwa anamaanisha mahali popote kuanzia nyonga hadi vidoleni, na mkono vivyo hivyo, kwa hiyo mwombe akuonyeshe kwa kidole kimoja. Kiuno kwa wengi ni sehemu ya chini ya mgongo. Neno la hatari zaidi ni mshipa: mmoja akilisema ana maana ya mshipa wa damu, mwingine wa fahamu, mwingine kano, na mwanamume wa pwani anaweza kulitumia kwa kutaja ngiri au busha ambalo anaona haya kulisema waziwazi mbele ya kijana. Maumivu nayo yana majina yake, na kila jina lina kazi: yanayochoma, yanayowaka moto na ganzi hukuelekeza kwenye mishipa ya fahamu, na yanayopwita hukufanya uangalie kama kuna uvimbe au joto. Andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, ndipo uyafasiri kitaalamu pembeni.

Wagonjwa utakaowaona hawatakuwa wageni kwako: waliopata kiharusi, vijana waliovunjika kwa ajali za bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye maumivu ya kiuno. Ukibahatika kuwaona watoto waliozaliwa na miguu ya vifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani, kaa hapo. Kwa njia ya Ponseti mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta, plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, wengi wao hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha mtoto huvaa viatu vyenye upau kwa saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, na baadaye usiku tu hadi afikie miaka minne au mitano. Plasta ni kazi ya wiki chache, viatu ni kazi ya miaka, na ni mama ndiye anayeifanya. Msikilize anavyoeleza kwa nini viatu vilivuliwa.

Nikiwa bado mchanga kazini nilimhudumia bibi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, mwenye goti lililokakamaa. Kila alipokuja nilitoa goniomita, kile kipimo cha pembe ya kiungo, nikapima, nikaandika, na goti lilipofika nyuzi 90 nilifurahi kana kwamba ni langu. Bibi hakurudi tena. Nilipokutana naye barabarani na kumwamkia, aliniambia, “Mwanangu, wewe ulikuwa unapima goti, mimi nataka kukaa kwenye mbuzi nikune nazi.” Kigoda cha mbuzi kiko chini mno, na nyuzi 90 hazimfikishi mtu pale. Tangu hapo mwanafunzi anayekaa chini yangu haruhusiwi kugusa kipimo kabla hajaandika mstari mmoja unaosema mgonjwa anataka kufanya nini: kusujudu, kuchuchumaa chooni, kupanda baiskeli (na Tanga watu wanapanda baiskeli kwelikweli), au kukuna nazi.

Sitara ni sehemu ya tiba. Mwombe mgonjwa ruhusa kabla ya kumfunua, funika kwa khanga kila usipopafanyia kazi, vuta pazia, na kama wewe ni mwanamume na mgonjwa ni mwanamke, uliza kama angependa kuhudumiwa na mwanamke au ndugu yake awepo. Mwezi wa Ramadhani panga mazoezi mazito asubuhi, kabla mgonjwa hajachoka. Nyumba ya kupanga itafute mahali ambapo unaweza kufika kazini kwa bajaji au kwa miguu, na laini ya simu isajili kwa pasipoti yako mwenyewe.

Wiki ya mwisho ina kazi zake. Fomu ya tathmini ipeleke kwa msimamizi wako angalau siku tano kabla ya kuondoka, kwa kuwa saini yake bila muhuri wa hospitali chuo chako kinaweza kuikataa, na mwenye muhuri huenda akawa safarini Dodoma. Wagonjwa wako wakabidhi mmoja mmoja kwa atakayebaki nao, wakiwapo wenyewe, na kila mmoja mwachie karatasi yenye mazoezi yake uliyoyachora kwa mkono, ukiwa umemtazama akiyafanya yote mbele yako mara mbili.