Kabla ya kuvuna seli shina za damu kwa mgonjwa wa limfoma

Mavuno ya seli shina, yaani seli zinazozalisha damu, yakiwa haba, ni mara chache lawama iwe ya mashine inayozitenga na damu. Sababu huwa ni dawa alizopewa mgonjwa miezi iliyopita, mishipa ambayo hakuna aliyeikagua, au sindano iliyochomwa kwa saa isiyo yake. Kwa hiyo maandalizi huanza wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Lengo kwanza. Mgonjwa ambaye limfoma yake (saratani ya mfumo wa limfu) imerudi baada ya tiba hupewa dozi kubwa ya kemotherapi inayoua pia uboho wa mifupa. Seli shina zake mwenyewe, zilizovunwa na kugandishwa mapema, hurudishwa mwilini ili uboho uote upya. Seli hizo hutambuliwa kwa alama iitwayo CD34. Kiwango cha chini kinachokubaliwa na vituo vingi ni seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito. Kinachotamaniwa ni milioni 4 hadi 5, kwa kuwa mavuno yakiwa mengi, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) hurudi mapema zaidi. Mtu wa kilo 70 basi anahitaji milioni 140 kwa uchache, na milioni 350 ili daktari awe na utulivu.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni historia ya dawa. Fludarabini, lenalidomaidi, melfalani, mionzi iliyopigwa nyonga, na wingi wa mizunguko ya kemotherapi huchosha uboho hata seli zikagoma kutoka. Kama upo uwezekano wa upandikizaji, daktari aulizwe kuhusu uvunaji kabla dawa za namna hiyo hazijaanza, si baada ya mizunguko sita. Andika kila dawa na tarehe ilipotumika mara ya mwisho. Faili lililohamishwa hospitali tatu huwa na mapengo. Limfoma nayo iwe imeitikia tiba, na hali ya uboho ijulikane, kwa sababu uboho wenye ugonjwa huweza kuingiza seli za saratani kwenye mfuko uleule wa mavuno.

Kwa kawaida seli shina hukaa ubohoni, na zinazotembea kwenye damu ni chache mno. Kuzitoa kuna njia mbili. Ya kwanza ni filgrastimu (dawa inayouchochea uboho) peke yake, mikrogramu 10 kwa kilo kila siku, sindano ya chini ya ngozi, na uvunaji kuanza siku ya 5. Ya pili ni filgrastimu baada ya mzunguko wa kemotherapi. Hii ya pili mara nyingi hutoa seli nyingi zaidi na wakati huohuo hupiga limfoma, lakini siku yake haitabiriki. Inaweza kuangukia siku ya 10, ya 14 au hata baadaye, na katikati yake chembe nyeupe hushuka vibaya. Anayepita njia hii asiombe ruhusa ya siku moja kazini, atenge wiki nzima. Tena aulize mapema kama kitengo huvuna Jumamosi na Jumapili, kwani seli hazisubiri Jumatatu.

Filgrastimu hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande wala isitikiswe. Dozi hukadiriwa kulingana na ukubwa wa vichupa, kwa hiyo idadi ya sindano inaweza kuwa mbili kwa siku. Hakikisha zimetosha mpaka siku ya kuvuna na akiba ya siku mbili. Maumivu ya mifupa, hasa kiuno, nyonga na kifua, ni ya kutarajiwa. Parasetamoli hutosha kwa wengi. Aspirini na dawa za jamii ya ibuprofeni ziachwe, maana chembe sahani ziko chini tayari. Ila pima joto la mwili kwanza, ndipo umeze parasetamoli: kwa aliyetoka kwenye kemotherapi, nyuzi 38 ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na kidonge huweza kuificha homa hiyo. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto au kwenye bega la kushoto nayo hayangojwi asubuhi, kwani bandama huvimba kwa dawa hii na, kwa nadra, hupasuka.

Asubuhi ya kuvuna hupimwa idadi ya CD34 kwenye damu, na hapa hesabu ndogo husaidia kuelewa kwa nini mwingine humaliza siku moja na mwingine siku tatu. Tuseme mgonjwa wa kilo 70 ana seli 20 kwa mikrolita moja, na mashine inapitisha lita 12 za damu. Zinazopita ni kama milioni 240. Mashine ikinasa nusu yake, mfukoni zinaingia milioni 120, yaani milioni 1.7 kwa kilo, bado chini ya kiwango. Angekuwa na 50 kwa mikrolita, angeondoka na milioni 4.3 siku hiyohiyo. Chini ya 10, vituo vingi havianzi kuvuna bila msaada.

Msaada huo ni pleriksafori, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa wagonjwa wa limfoma zisizo za Hodgkin na wa mieloma (saratani ya uboho). Hukata kamba ya kikemikali inayoshikilia seli shina ubohoni. Dozi ni miligramu 0.24 kwa kilo, kama saa 11 kabla ya kuvuna. Uvunaji ukianza saa tatu asubuhi, sindano ni saa nne usiku. Swali la kuuliza mapema ni nani ataichoma saa hiyo, na wapi. Figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa, hivyo majibu ya kreatinini, kipimo cha figo, yawe mezani. Kuhara usiku huo ni kawaida. Dawa hii ni ghali na si kila stoo huwa nayo. Kuanza kuitafuta jioni, baada ya majibu mabaya, ni kuchelewa.

Mishipa ikaguliwe wiki moja kabla, na muuguzi wa mashine mwenyewe. Inahitajika mikono miwili yenye mishipa minene, kwa kuwa sindano ya kuvutia damu ni ya geji 16 au 17 na mkono huo hukaa umenyooka kwa saa kadhaa. Isipopatikana, huwekwa katheta (mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa) ngumu ya aina inayotumika kusafishia figo. Ile porti ya kawaida ya kemotherapi, kifaa kinachowekwa chini ya ngozi, mara nyingi haifai, kwani kasi ya kuvuta damu huizidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya siku ya katheta.

Vipimo vya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende vifanywe mapema. Majibu chanya hayamfungii mgonjwa mlango, ila mfuko wake huhifadhiwa kando. Aliyepewa imunoglobulini (kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine) kwa mshipa karibuni aseme, kwa sababu kingamwili za watoa damu hao huweza kuonekana kama maambukizi yake. Na anayetaka watoto baadaye azungumzie kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya dozi kubwa.

Siku yenyewe ni muda wa saa 3 hadi 5 kitandani. Nenda msalani kabla ya kuunganishwa. Vaa mikono mipana, chukua blanketi, kwani damu hupoa ikiwa nje. Epuka mlo wa mafuta mengi asubuhi hiyo. Plazma yenye mafuta huvuruga utenganishaji. Sitrati inayozuia damu kuganda kwenye mashine hushika kalsiamu ya mwili, na dalili ya kwanza ni ganzi ya midomo na vidole. Isemwe hapohapo. Muuguzi atapunguza kasi au kuongeza kalsiamu. Anayevumilia kimya hufika kwenye mikazo ya misuli, na mashine husimamishwa.

Chembe sahani hushuka kila baada ya kikao, kwa hiyo zipimwe kabla katheta haijatolewa. Usiondoke bila kuambiwa jumla ya CD34 kwa kilo na idadi ya mifuko. Kama jumla haijafika milioni 2, maswali ni mawili: kesho tunaendelea, na kwa pleriksafori? Kama hapana, uboho upumzishwe wiki ngapi kabla ya jaribio la pili, na katika muda huo nini kitaishikilia limfoma?