Jinsi ya kuomba mradi wenu wa grafu upokelewe na Wakfu wa Apache

Mwaka 2015 kampuni ya DataStax iliinunua Aurelius, kampuni ndogo iliyokuwa nyuma ya Titan, hifadhidata ya grafu (inayohifadhi data kama vifundo, yaani vitu, na kingo, yaani viungo kati ya vitu hivyo) iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi. Baada ya hapo kazi ya Titan ikafifia. Wachangiaji waliotaka kuendelea hawakuzuiwa kuuchukua msimbo, kwa kuwa leseni yake ilikuwa huria. Kilichobaki nyuma ni jina. Januari 2017 wakaanza upya chini ya Linux Foundation, wakfu wa programu huria, na mradi ukaitwa JanusGraph. Miongozo yote, mafunzo yote na sifa zote zilizokuwa zimejengwa juu ya neno Titan, ikabidi watu waelezwe tena kwamba huyu ni yule.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wanaotaka kupeleka mradi kwenye wakfu hufikiri wanahamisha repo, yaani ghala la msimbo. Repo huhama kwa mchana mmoja. Kinachochukua miezi ni kuhamisha umiliki: haki za kila mstari wa msimbo, jina, na mamlaka ya kuamua nani aingie na toleo gani litoke. Ombi lenu litapimwa kwa hayo.

Mwongozo huu unafuata njia ya Wakfu wa Apache, shirika linalosimamia miradi ya programu huria, kwa kuwa miradi mingi ya grafu imepita huko. Giraph ilitoka Yahoo! mwaka 2011. TinkerPop, yenye lugha ya kuulizia grafu iitwayo Gremlin, iliingia Januari 2015 na kuhitimu Mei 2016. AGE, inayoongeza grafu juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, iliingia 2020 na kuhitimu 2022. HugeGraph ya Baidu iliingia Januari 2022, na GraphAr ikafuata mwaka 2024. Kwa hiyo mtakutana na watu wanaojua vifundo na kingo ni nini, na hamtalazimika kueleza kila kitu kutoka alifu.

Kama kampuni yenu inataka kiti chake rasmi mezani, Apache haiwafai. Huko anayepiga kura ni mtu, hata akibadilisha mwajiri kesho. Linux Foundation ina mpangilio unaozipa kampuni wanachama nafasi iliyo wazi zaidi, na JanusGraph yenyewe iko huko. Amueni hili kabla ya kuandika neno la kwanza la ombi, maana wapokeaji watalinusa.

Hatua ya kwanza: jueni mnamiliki nini

Fungueni historia nzima ya msimbo na mwandike orodha ya kila aliyewahi kuchangia. Kwa kila jina jiulizeni: aliandika akiwa kazini kwa nani? Kama wote walikuwa waajiriwa wa kampuni moja, haki ziko kwa kampuni hiyo, nayo ndiyo itakayosaini hati ya kukabidhi programu, inayoitwa SGA. Kama kuna wachangiaji wa nje, kila mwenye mchango mkubwa anapaswa kusaini mkataba wake binafsi wa mchangiaji, yaani ICLA. Marekebisho ya herufi mbili tatu hayamsumbui mtu.

Anzeni na waliokwisha kuondoka. Mradi mmoja niliousaidia ulikwama kwa sababu algorithmu ya kutafuta njia fupi ilikuwa imeandikwa na mwanafunzi wa mafunzo kazini aliyeondoka zamani, na barua pepe yake ilikuwa ya kazini. Mwishowe algorithmu iliandikwa upya na mtu ambaye hakuwahi kuuona msimbo wa kwanza. Ilichukua siku chache tu, lakini tulikuwa tumeshapoteza majuma kadhaa tukimtafuta mwenyewe.

Hatua ya pili: pitieni leseni za maktaba zote

Hapa ndipo miradi ya grafu hujikwaa kuliko mingine, kwa hiyo msipite mbio.

Apache hupanga leseni za nje katika makundi matatu. Kundi A, kama MIT, BSD na Leseni ya Apache 2.0, halina tatizo. Kundi B, kama MPL na EPL, linaruhusiwa kwa masharti, kwa kawaida likiwa katika hali ya faili zilizokwisha kukusanywa tu (yaani msimbo uliogeuzwa tayari kuendeshwa na kompyuta). Kundi X halipiti: humo mna GPL na LGPL.

Sasa tazameni grafu zenu zinasimama juu ya nini. Maktaba ya igraph, inayopendwa sana kwa algorithmu, iko chini ya GPL. NetworkX iko chini ya BSD, kwa hiyo haina neno. JGraphT hutolewa kwa leseni mbili, EPL 2.0 au LGPL 2.1, na mtumiaji huchagua. Andikeni wazi kwamba mmechagua EPL. Kiunganishi cha MySQL cha Java kiko chini ya GPL, nacho ni mtego wa kawaida kwa hifadhidata za grafu zinazomwachia mtumiaji achague mahali pa kuhifadhi data. Dawa yake ni kukiondoa ndani ya kifurushi na kumwachia mtumiaji akipakue mwenyewe akikihitaji, huku mradi ukiweza kufanya kazi bila hicho.

RocksDB, maktaba ya kuhifadhi data iliyotoka Facebook, ina historia ya kufundisha. Ilikuwa na leseni ya BSD iliyoambatana na masharti ya hataza, na katikati ya mwaka 2017 Apache ikaamua kwamba mchanganyiko huo ni wa kundi X. Miradi iliyoitegemea ikashtuka. Muda si mrefu Facebook wakaibadilisha leseni, na tangu hapo RocksDB hutolewa kwa Leseni ya Apache 2.0 au GPL, upande wa kuchagua. Kwa hiyo angalieni toleo mnalolitumia, wala msiishie kwenye jina la maktaba. Toleo la kale lililosahaulika ndani ya faili ya usanidi bado lina leseni yake ya kale.

Kuna vitu viwili zaidi ambavyo husahaulika. Cha kwanza ni data za majaribio. Karibu kila mradi wa grafu una folda yenye mtandao wa marafiki, wa barabara au wa kurasa, ulionakiliwa mahali fulani miaka iliyopita. Data nayo ina leseni. Kama hamjui ilikotoka, iondoeni na mwandike programu ndogo ya kuzalisha grafu bandia. Cha pili ni skrini ya kuchorea grafu. Mara nyingi ndani yake mna faili za JavaScript zilizobanwa, ambazo hakuna anayeweza kuzisoma wala kusema zilitoka wapi. Toleo la Apache ni msimbo chanzo, na faili zilizokwisha kukusanywa, ikiwemo zile za jar, hazitakiwi ndani yake.

Hatua ya tatu: jina

Tafuteni kama jina lenu linatumiwa na programu nyingine, katika sajili za alama za biashara na kwenye intaneti kwa jumla. Uchunguzi rasmi wa jina hufanyika mkiwa ndani, nao lazima ukamilike kabla ya kuhitimu, lakini ni busara kuufanya mapema kwa faida yenu. Kama kampuni imesajili alama hiyo, itabidi iikabidhi kwa Wakfu. Waulizeni wakubwa wenu swali hili kwa maandishi na mpate jibu kwa maandishi. Nimeona timu ya wahandisi ikiahidi jina ambalo idara ya mauzo ilikuwa tayari imelibandika kwenye huduma ya kulipia. Kampuni inaweza kuendelea kuuza huduma inayotumia programu hiyo, lakini haiwezi kuiita huduma yake kwa jina lile lile.

Hatua ya nne: mtetezi na walezi

Ombi haliingii lenyewe. Linahitaji mtetezi, mtu aliye ndani ya Wakfu anayewasaidia kulitengeneza na kulisimamia hadi kura. Linahitaji pia walezi, kwa kawaida wasiopungua watatu, ambao ni wajumbe wa kamati ya Incubator. Incubator ndicho kitalu cha Apache: kwa kawaida mradi unaotoka nje hupandwa hapo kwanza, nao huitwa podling hadi uhitimu.

Watafuteni kwenye miradi jirani. Kama injini yenu inaelewa Gremlin, nendeni kwa watu wa TinkerPop. Kama inasoma data kupitia Spark au Flink, injini za kuchakata data za Apache, nendeni huko. Muulizeni kila mlezi kama ana nafasi ya kusoma matoleo yenu na kuyapigia kura kwa mwaka au zaidi. Mlezi mwenye jina kubwa asiyejibu ni mzigo, nanyi mtaujua uzito wake siku mtakapokuwa na kura mbili na mnahitaji ya tatu.

Hatua ya tano: kuandika ombi

Kuna kiolezo, kifuateni. Kinaanza na muhtasari, usuli, sababu za kuja Apache na malengo ya mwanzo. Kisha hali ya sasa ya jamii ya mradi, hatari zinazojulikana, chanzo cha msimbo, mpango wa kukabidhi haki, maktaba za nje, vifaa mnavyohitaji, orodha ya wachangiaji wa mwanzo, na majina ya mtetezi na walezi.

Sehemu ya kiufundi iwe fupi. Aya mbili zinatosha kueleza kama mradi ni hifadhidata ya maswali ya papo kwa papo, au ni injini ya kukokotoa grafu nzima kwa mizunguko, au ni muundo wa faili. Tofauti hiyo isemwe wazi, kwa sababu swali la kwanza mtakaloulizwa ni kwa nini msijiunge na mradi uliopo tayari. Kuna waombaji wanaomwaga kurasa za vipimo vya kasi. Vipimo hivyo havimsaidii anayepiga kura kujua kama mtaweza kuishi pamoja na watu msiowalipa mshahara.

Nguvu zenu ziende kwenye hatari. Kiolezo kinauliza nini kitatokea wafadhili wakiuacha mradi, kama wachangiaji wote wanatoka mahali pamoja, na kama wanategemea mshahara. Kinauliza hata kama mmevutiwa mno na jina la Apache, na hilo ni swali la kweli, mlijibu. Kama wachangiaji kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wanafanya kazi kampuni moja, semeni hivyo, kisha mseme mtafanya nini. Giraph iliwahi kutumika Facebook kwa grafu zenye kingo trilioni, na leo imewekwa kwenye Attic, ghala la miradi ya Apache iliyositishwa. Wasomaji wa ombi lenu wanajua mfano huo. Ukubwa wa mtumiaji mmoja hautawatuliza.

Orodha ya wachangiaji wa mwanzo isiwe zawadi. Meneja ambaye hajawahi kuandika mstari wala waraka asiwemo.

Hatua ya sita: mjadala na kura

Mtetezi huliweka ombi mbele ya orodha ya barua pepe ya jumla ya Incubator, ambako yeyote anaweza kuuliza. Jibuni kwa majina yenu binafsi, na msijibiane wenyewe kwa wenyewe kwa pongezi. Rekebisheni ombi kadiri hoja zinavyokuja. Mjadala ukitulia, kura huitishwa na hukaa wazi kwa saa 72 au zaidi. Ombi hupita likipata kura za ndiyo tatu au zaidi kutoka kwa wajumbe wa kamati ya Incubator, na za ndiyo zikizidi za hapana. Kura za wengine hukaribishwa ila hazihesabiwi.

Hatua ya saba: baada ya kukubaliwa

Kila mchangiaji wa mwanzo humtumia katibu wa Wakfu ICLA iliyosainiwa, kisha hupewa akaunti. Saini iwe ya mkono, au faili isainiwe kwa ufunguo wa PGP, ufunguo wa siri wa kidijitali. Jina lililochapwa kwa mwandiko wa kompyuta unaofanana na saini hurudishwa, na utashangaa ni wahandisi wangapi hurudishiwa. Kampuni hutuma SGA.

Haki zikishafika, repo huhamishwa kwenda shirika la Apache kwenye GitHub kwa msaada wa timu ya miundombinu. Ombeni uhamisho, msinakili. Uhamisho hubeba nyota, masuala yaliyo wazi na historia, na anwani ya zamani humpeleka msomaji kwenye mpya. Kisha badilisheni vichwa vya leseni kwenye faili. Chombo kiitwacho Apache RAT kitawaonyesha zilizosahaulika. Vifurushi vya Maven, mfumo wa kusambaza maktaba za Java, vitatoka chini ya org.apache, kwa hiyo waonyeni watumiaji mapema, kwa sababu badiliko hilo litavunja programu zao.

Toleo la kwanza ndilo mtihani. Liwe na faili za LICENSE (leseni), NOTICE (taarifa za haki) na DISCLAIMER (tangazo kwamba mradi bado uko kitaluni), lisainiwe kwa ufunguo wa PGP, na liwe na alama ya SHA-512 ya kuthibitisha kwamba faili haijabadilika. Mnalipigia kura nyinyi kwanza, kisha kamati ya Incubator, na hapo tena zinahitajika kura tatu za ndiyo. Likikataliwa mara ya kwanza msinune, ni kawaida. Kama bado kuna kasoro za leseni mnazozijua, kuna aina ya DISCLAIMER inayoruhusu kuzitaja wazi na kutoa toleo hivyo hivyo mkiendelea kuzirekebisha.

Ripoti huandikwa kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu kila robo mwaka. Maamuzi yote yafanyike mahali ambapo mtu wa nje anaweza kuyasoma. Mkikubaliana kwenye kikao cha ofisini, rudini mkayaandike hadharani na msubiri hoja kabla ya kutekeleza.

Mkishatoa matoleo kadhaa bila kushikwa mkono, mkaongeza wachangiaji kutoka nje ya kampuni yenu, na jina likathibitishwa, jamii hupiga kura ya kuhitimu, kamati ya Incubator huipitisha, na azimio hupelekwa kwa bodi, ambayo kwa kawaida hukutana Jumatano ya tatu ya mwezi. Bodi ikikubali, ondoeni neno incubating kwenye majina ya matoleo yajayo na DISCLAIMER kwenye tovuti, na timu ya miundombinu itawahamishia kurasa na orodha zenu kwenye anwani ya mradi kamili.