Dar es Salaam hadi Mwanza kwa baiskeli: namna ya kupanga safari ya kilomita 1,150

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza tayari kuendesha kilomita 50 bila kutaabika, na sasa anataka kuvuka nchi akiwa na mizigo yake nyuma. Njia ni Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga hadi Mwanza. Ni lami mwanzo hadi mwisho, na tofauti na barabara ya Iringa, haikupitishi katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Mpango wote unasimama juu ya maswali matatu: upepo unatoka wapi, fundi wa kijijini ana vipuri gani, na maji na kitanda cha usiku viko wapi. Rangi ya baiskeli na kofia ya bei mbaya vitafuata baadaye.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha mwelekeo

Nenda kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Pwani na Morogoro masika yanakuwa yamepita, na Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ni kukavu. Oktoba na Novemba barabara bado inapitika, lakini joto la Dodoma wakati huo linakausha mtu.

Miezi hiyo ya kiangazi upepo unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Dodoma hadi Singida si upepo wa mzaha. Ukitoka Dar kwenda Mwanza, sehemu kubwa ya safari unakusukuma mgongoni au ubavuni. Ukigeuza safari, uanzie Mwanza, upepo uleule utakula kilomita 4 hadi 6 za mwendo wako kila saa, siku baada ya siku. Kwa hiyo anzia Dar, na kurudi panda basi.

Hatua ya 2: Baiskeli ichaguliwe na fundi wa kijijini

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na chanzo ni tairi. Tanzania kuna vipimo vitatu ambavyo watu huvichanganya:

- 28 x 1½, la Phoenix, Avon na ndugu zake. Kipenyo cha ringi mahali tairi linapokaa ni milimita 635. Linapatikana karibu kila senta yenye duka la vipuri.
- Inchi 26 la baiskeli za mlimani, milimita 559. Miji yote ya njia hii inalo, na senta nyingi kubwa pia.
- 700C, la baiskeli za mbio na nyingi za mtumba kutoka Ulaya, milimita 622. Nje ya Dar, Dodoma na Mwanza usilitegemee.

Muuzaji atakuambia 700C na 28 ni kitu kimoja. Si kweli: milimita 13 za tofauti zinatosha tairi la Phoenix lisikamate kabisa kwenye ringi ya 700C. Tyubu peke yake ndiyo hukubali kuazimana, kwa kuwa inavutika. Kama baiskeli yako ni ya 700C, beba tairi moja la akiba la kukunja, na usiondoke bila hilo.

Angalia na valvu. Tundu la valvu nyembamba kwenye ringi ni milimita 6.5, valvu nene, kama ya pikipiki, inataka 8.5. Tyubu ya valvu nene haipiti kwenye tundu dogo, na hapo kijijini utabaki umeishika mkononi. Kama ringi yako ni pana ya kutosha, mpe fundi atoboe hadi 8.5 kabla ya safari, asugue makali ya tundu kwa tupa ya duara, kisha utumie valvu nene. Faida yake ni kwamba kila kijiwe cha bodaboda chenye mashine ya upepo kinakuwa kituo chako.

Upendeleo wetu ni baiskeli ya mlimani ya inchi 26, fremu ya chuma, bila springi mbele, na matairi yasiyo na meno marefu, upana wa 1.75 hadi 2.0. Upepo: psi 50 nyuma, 40 mbele.

Kama una Phoenix isiyo na gia, haikatazi kusafiri. Badilisha tu kigia cha nyuma: kutoka meno 18 kwenda 22, mbele pakiwa na 44. Kila mzunguko wa pedali utakupeleka mita 4.5 badala ya 5.5, na utalipenda badiliko hilo ukipanda mlima wa Gairo. Kwenye baiskeli ya gia, hakikisha gia nyepesi kabisa ni meno 26 hadi 28 mbele na 34 nyuma.

Hatua ya 3: Gurudumu la nyuma lishughulikiwe kabla ya kuondoka

Spoku hukatika nyuma, upande wa mnyororo, karibu kila mara. Sababu ni kwamba upande huo spoku zimekazwa zaidi ili kuacha nafasi ya gia, na mzigo wote umekaa juu yake. Mpe fundi azikaze zote kwa usawa na kuinyoosha ringi, kisha uendeshe kilomita 100 ukiwa na mzigo, urudi azikaze tena. Gurudumu likilia "ting, ting" kwenye mita za mwanzo, spoku bado zinajipanga.

Pima urefu wa spoku zako: mara nyingi utakuta vipimo vitatu tofauti, yaani mbele, nyuma kulia na nyuma kushoto. Beba 4 za nyuma kulia, 2 za nyuma kushoto na 2 za mbele, ukizifunga kwa tepu kwenye mlingoti wa fremu. Beba pia kifaa cha kufungulia gia za nyuma za aina yako, kwani spoku ya upande wa mnyororo haiingii mpaka gia zitoke. Fundi wa senta ana spana kubwa ya kukizungusha. Kifaa chenyewe hana.

Hatua ya 4: Mzigo usizidi kilo 18

Pima kwa mzani wa dukani, pamoja na mifuko yenyewe. Theluthi mbili ziwe nyuma, chini, pande zote mbili kwa uzito sawa. Keria hufungwa kwa boliti za milimita 5, na adui wao ni rasta za barabarani (matuta madogo yanayofuatana) kabla ya kila kijiji. Tumia nati zenye plastiki ndani, ukague kila asubuhi kwa mkono. Boliti ikidondoka bila wewe kujua, keria inalalia gurudumu na kukata spoku.

Vifaa vya lazima: tyubu 2, viraka 12 na solusheni 2 (moja ikishafunguliwa hukauka), pampu, vitoa tairi 3, spana za allen 4, 5 na 6, spana ya 15, kikata mnyororo na pini 2, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, koleo ndogo, tepu, vifungo vya plastiki, na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Oili chafu ya gari iache gereji: inashika vumbi, na vumbi lenye oili linausaga mnyororo. Mafuta ya cherehani ni mepesi, kwa hiyo futa mnyororo na kuutia mafuta kila baada ya kilomita 150, kisha ufute tena nje.

Kioo cha pembeni kifungwe upande wa kulia wa usukani. Tunaendesha kushoto, na hatari inatokea kulia nyuma.

Hatua ya 5: Gawanya njia

Usigawe 1,150 kwa idadi ya siku za likizo. Chukua umbali unaoumudu ukiwa na mzigo kamili siku mbili mfululizo, toa asilimia 20, na hiyo ndiyo siku yako. Kwa wengi inakuja kilomita 80 hadi 90, maana yake siku 13 au 14 za kuendesha na 3 za kupumzika. Kwenye milima, hesabu saa nzima kwa kila mita 400 za kupanda.

*Dar hadi Morogoro, takriban 190.* Ugumu hapa ni magari. Malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yote yanabanana kwenye barabara hii moja. Toka Jumapili alfajiri ulale Chalinze, au zunguka Bagamoyo na Msata ndipo uingie Chalinze. Mzunguko huo unaongeza kama kilomita 60 lakini malori yake ni machache sana mpaka Msata. Kwa safari ya kwanza, tunapendekeza mzunguko.

*Morogoro hadi Dodoma, takriban 260.* Msamvu, njia panda ya Morogoro, unakunja kulia, na malori ya kusini yanakuacha. Dumila ni tambarare na matunda ni ya kumwaga. Baada yake barabara inapanda kwenda Gairo, kutoka chini ya mita 500 hadi zaidi ya 1,200. Usifanye Morogoro hadi Gairo siku moja: lala Dumila, upande asubuhi. Siku inayofuata lala Kibaigwa au endelea mbele kadiri miguu inavyoruhusu. Dodoma pumzika siku nzima, maana huo ndio mji wa mwisho wenye uhakika wa vipuri adimu.

*Dodoma hadi Singida, takriban 240.* Barabara inashuka hadi bonde la Bahi, kisha baada ya Kintinku inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, kama mita 400. Ukitoka Dodoma saa 12 na nusu asubuhi utafika chini ya mlima huo saa 6 au 7 mchana, wakati mbaya kuliko wote. Ama lala Bahi, ama pumzika Kintinku hadi saa 9 alasiri ndipo upande. Manyoni chukua barabara ya kulia ya Singida. Ya Itigi inakwenda Tabora.

*Singida hadi Nzega, takriban 220.* Mlima Sekenke hapa unaushuka, na ndiyo sababu nyingine ya kuanzia Dar. Kabla ya kushuka simama, bana breki zote mbili, kagua raba. Shuka kwa kubana na kuachia kwa zamu. Ukishikilia bila kuachia, ringi inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Lala Shelui au Igunga.

*Nzega hadi Mwanza, takriban 245.* Tinde malori ya Rwanda na Burundi yanakunja kwenda Kahama, na barabara inapumua mpaka Shinyanga. Kuanzia Usagara ni jiji: daladala, bodaboda, mikokoteni. Ingia asubuhi, usiingie jioni.

Hatua ya 6: Saa za barabarani, maji na chakula

Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, pumzika saa 5 na nusu hadi 9, maliza kabla ya saa 12 jioni. Ukienda magharibi jua linachelewa kidogo kidogo. Mwanza linachomoza kama dakika 20 nyuma ya Dar, kwa hiyo usiiache alamu ileile ikutoe gizani. Usiku usiendeshe kabisa.

Maji ni lita 5 hadi 7 kwa siku. Beba lita 4 mwilini mwa baiskeli, na 6 unapotoka Dodoma na Manyoni. Visima vingi vya Dodoma na Singida vina chumvi na havikati kiu. Nunua maji ya dukani au uliza ya bomba. Ziwa Singidani na Kindai ni za kutazama tu, maji yake ni ya chumvi. Ukiona mkojo umekoza na kichwa kinagonga, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe polepole.

Kula kabla ya njaa: chapati na maharage asubuhi, wali au ugali mchana, na mfukoni karanga, ndizi na ubuyu. Ukiingia Usukumani nunua matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Viazi hivyo haviharibiki upesi na vinatia nguvu.

Gesti zipo kila senta. Beba kitambulisho, kitaandikwa kwenye kitabu cha wageni, na omba baiskeli ilale chumbani nawe. Ukitaka kupiga hema, pitia kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, umwamkie, ueleze unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukilala porini kimya kimya, sungusungu watakukuta, na maelezo ya saa 8 usiku huwa magumu.

Hatua ya 7: Pancha, jambo la kila siku

Wauaji ni wawili: miiba ya migunga pembeni mwa lami, hasa Dodoma na Singida, na nyuzi za chuma za matairi ya malori yaliyopasuka. Uzi huo ni mwembamba kama unywele, unazama ndani ya tairi, na mtu anayeziba tyubu bila kuutoa anapata pancha ileile baada ya kilomita 2.

Kabla ya kutoa tairi, weka alama kwenye tairi mahali valvu ilipo. Toa tyubu, jaza upepo, tafuta tundu, kisha ilaze tyubu juu ya tairi kwa kufuata alama: tundu la tyubu litakuonyesha mwiba ulipo. Pitisha pamba ndani ya tairi polepole. Pamba ikinasa, hapo ndipo. Vuta kwa koleo. Matundu mawili sambamba, upande wa ndani, maana yake uligonga shimo na ringi ikabana tyubu: ongeza upepo.

Hatua ya 8: Kukutana na malori

Ukiona kwenye kioo lori linakuja nyuma na mbele kuna basi, na mtakutana hapo ulipo, toka kwenye lami mapema bila kusubiri honi. Ukingo wa lami mahali pengine una kimo cha kiganja. Kurudi juu yake, usiuparaze kwa pembeni: simama, nyanyua gurudumu au ulikate kwa kona kali. Anayeuparaza huangukia barabarani, upande wa magari.

Hatua ya 9: Kurudi

Maliza safari stendi ya Nyegezi, iko kabla ya katikati ya jiji na mabasi ya Dar yanapatikana hapo. Nenda siku moja kabla, uongee na wahusika wa mizigo, mkubaliane nauli ya baiskeli na upewe risiti. Toa pedali kwa spana ya 15: ya kulia inafunguka kinyume na mwendo wa saa, ya kushoto inafunguka kwa mwendo wa saa, na anayeisahau hii hukaza mpaka uzi unakatika. Geuza usukani ulale sambamba na fremu, toa kioo, funga kadibodi upande wa gia, na simamia mwenyewe inavyoingizwa kwenye buti: upande wa gia juu, na gunia la mchele lisiwekwe juu yake.