Unaenda Fuerteventura? Soma kwanza habari ya upepo

Ndugu zetu wengi walioko Ulaya wakati wa baridi wanatafuta pa kukimbilia jua, na jina la Fuerteventura halikosi kutajwa, na mimi nakipenda sana hicho kisiwa kwa hiyo acha niandike kwa urefu ili mtu akienda afaidi kweli. Ni kimoja kati ya Visiwa vya Canary, chini ya Hispania, lakini ukiangalia ramani kiko Afrika kabisa, toka pwani ya Morocco ni kama kilomita 100 tu. Ndicho kikongwe kuliko vyote vya kundi lile, volkano zilianza kukiinua juu ya maji kama miaka milioni 20 iliyopita, na kwa sababu ya huo uzee milima yake imeshaliwa na upepo na mvua, ule mrefu kabisa, Pico de la Zarza, una mita 807 basi. Ukame wake unaanzia hapo hapo. Mawingu ya bahari yanapita juu bila kukutana na mlima wa maana wa kuyazuia, kwa hiyo mvua ya mwaka mzima ni kidogo mno, na jua ni karibu kila siku.

Sasa upepo. Watu wengi wanaorudi na malalamiko ni kwa sababu hakuna aliyewaambia habari ya upepo. Unavuma toka kaskazini mashariki karibu mwaka mzima, waliokulia Mombasa, Tanga au Unguja wafikirie kaskazi ambayo haigeuki kuwa kusi, na Juni mpaka Agosti ndio inakaza kweli. Ukienda ufukwe ambao sio siku yake mchanga unakupiga miguuni mpaka unawasha, unafunga virago unarudi hotelini umenuna, wakati upande wa pili wa kisiwa watu wametulia kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai fungua simu, angalia upepo unatoka wapi na una kasi gani, halafu ndio uchague pwani. Usipange fukwe za wiki nzima ukiwa nyumbani.

Ila kabla ya ufukwe kuna makaratasi. Canary ni Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, ukiwa na kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen unaingia tu, lakini wewe uliyeko London na pasipoti ya Kenya au Tanzania bado unahitaji viza, hapa wengi wanachanganyikiwa. Anayetokea nyumbani aombe ubalozi wa Hispania, uko Dar na Nairobi, na aanze mapema sana. Ndege ya moja kwa moja toka kwetu hakuna, utabadilisha Madrid au mji mwingine mkubwa wa Ulaya. Hela ni yuro, na saa ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Madrid, usije ukaachwa na ndege kwa hilo.

Kodi gari. Najua watu wanataka kubana matumizi, na mabasi yapo, wenyewe wanayaita guagua, yanatoka Puerto del Rosario ambao ndio mji mkuu kwenda Corralejo kaskazini na Morro Jable kusini, lakini fukwe nzuri na vijiji vya ndani bila gari utaviona kwenye picha tu. Barabara za lami ni safi, foleni hakuna, kutoka Corralejo mpaka Morro Jable ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka mbili. Wanaendesha kulia, kwa hiyo aliyezoea kwetu awe makini sana kwenye kipilefti, na kama leseni yako ni ya Afrika Mashariki chukua na ile ya kimataifa. Kama una wiki nzima ushauri wangu lala siku kadhaa kaskazini halafu uhamie kusini, ni kama visiwa viwili tofauti.

Kaskazini, Corralejo, pembeni tu ya mji unaanza mchanga mweupe wa vilima vilima ambao ni hifadhi, barabara inapita katikati yake na bahari iko hapo hapo kwa rangi ambayo mtu wa Nungwi ataikubali. Huko na El Cotillo utakuta viukuta vya mawe meusi ya volkano vimepangwa nusu duara juu ya mchanga, urefu kama kiunoni. Ukisimama nje upepo unakupigia kelele masikioni, ukiingia ndani ukakaa chini unapita juu ya kichwa chako, ghafla kumetulia, unasikia mpaka mtoto anavyotafuna biskuti, na mawe mgongoni yana joto la jua. Wahi asubuhi maana saa tano vimejaa. Tumia vilivyopo, usianze kuhamisha mawe kujenga chako, mawe yale ni makazi ya viumbe na wenye kisiwa wanachukia sana hiyo tabia.

El Cotillo ndio pa kwenda na watoto. Upande wa kaskazini wa kijiji miamba imezingira maji yakawa kama vidimbwi vya kina kifupi, mawimbi yanavunjikia nje huko. Lakini ukisogea kusini ya kijiji hicho hicho mambo yanabadilika kabisa, ni bahari ya wazi. Na hapa naomba unisikilize vizuri: pwani yote ya magharibi mkondo ni mkali, watu wanakufa, na wengine ni waogeleaji wazuri tu. Bendera nyekundu maana yake usiingie hata kulowesha magoti, na pasipo na bendera wala mwokoaji ujihesabu uko peke yako. Namba ya dharura ni 112.

Kusini ni Sotavento, na kwangu hii ndio roho ya kisiwa. Kuna fungu refu la mchanga limesogea mbali na pwani, katikati yake na nchi kavu kunabaki bonde, na wakati wa bamvua, zile siku maji yanajaa kuliko kawaida, bonde lote linageuka ziwa la maji ya goti, ya uvuguvugu kiasi, unatembea tu. Siku za maji mafu, ambapo hayajai sana, ukienda unaweza usikute kitu, mchanga mtupu, halafu unaanza kusema picha za intaneti ni za uongo, kumbe ungeangalia tu ratiba ya maji kujaa na kupwa. Usiache mkoba na viatu kwenye fungu la nje ukaenda kutembea, maji yanarudi kimya kimya. Upepo hapa ni mkali kuliko sehemu nyingi kwa sababu pale La Pared kisiwa ni chembamba na hakuna mlima, unapenya na kuongeza kasi, ndio maana mashindano ya dunia ya mbao za matanga na zile zinazovutwa na kishada yanafanyika hapo kila kiangazi. Ukitaka kujifunza shule zipo. Ukitaka kulala juani na kitabu, nenda Morro Jable au Caleta de Fuste ambako ni shwari zaidi.

Cofete je? Nenda, lakini nenda kwa akili. Ni ufukwe wa kilomita kama 12 nyuma ya milima ya Jandía, hauna hoteli hata moja, mlima umesimama nyuma yako na bahari inaunguruma mbele. Njia ni ya vumbi na mawe, nyembamba, pembeni korongo, na bima nyingi za magari ya kukodi hazihusiki ukitoka kwenye lami, soma mkataba kabla hujatia sahihi. Kuna basi la magurudumu makubwa linatoka Morro Jable, panda hilo. Kuogelea Cofete hapana, nimeshasema habari ya magharibi.

Siku upepo umezidi kila mahali, panda milimani, katikati ya kisiwa. Betancuria ni kijiji kilichoanzishwa 1404 na kilikuwa makao makuu mpaka 1834, nyumba nyeupe bondeni, barabara ya kufika ina kona nyingi na juu pale Morro Velosa unasimama unaona milima ya kahawia na myekundu isiyo na mti. Toka hapo shuka Ajuy, mchanga mweusi, na ufuate njia ya miguu juu ya majabali mpaka kwenye mapango. Miamba ya pale ilikuwa sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, yaani mizee kuliko kisiwa chenyewe, iliinuliwa na volkano. Karibu na Lajares kuna volkano ya Calderón Hondo, njia ni nzuri hata kwa wazee wenye nguvu kidogo, unafika ukingoni unachungulia shimo la mita kama 70. Kindi watakuja mpaka miguuni wanaomba, usiwape chochote, waliletwa toka Morocco miaka ya 1960 na wameshaharibu mimea ya kutosha. Mlima Tindaya usiupande, una michoro ya nyayo iliyochongwa na wenyeji wa kale na kupanda bila kibali ni marufuku. Kisiwa kidogo cha Lobos mbele ya Corralejo, boti ni dakika kama 15, kibali ni bure ila lazima uombe mtandaoni kabla maana idadi ya watu kwa siku ina kikomo.

Chakula, tafuta mbuzi. Mbuzi ni wengi ajabu huko na jibini yao, queso majorero, ni ya kujivunia, ile iliyopakwa pilipili nyekundu nje ndio naipenda mimi. Viazi vidogo wanavichemsha na maganda kwenye maji ya chumvi nyingi mpaka maji yakauke, ganda linakunjamana na kubaki na unga mweupe wa chumvi, unachovya kwenye mchuzi wa pilipili au wa kotmiri. Samaki agiza vieja, ni jamii ya pono, mtu wa pwani hatakosea hapo. Asiyekula nguruwe akariri neno cerdo na jamón aulize kila mara, maana wanaitia hata kwenye supu.

Vidogo vidogo: krimu ya jua paka hata kama ngozi yako ni nyeusi tii, upepo unapoza mwili hujui kama unaungua. Beba jaketi jepesi la jioni. Bahari ina baridi, Februari ni kama nyuzi 18 au 19, usitegemee maji ya Kiwengwa. Kuna siku vumbi la Sahara linafika, anga inakuwa ya njano na joto linapanda, mwenye pumu abebe dawa yake asiiache chumbani. Na kwenye fukwe nyingi utakuta watu wako uchi kabisa, ni ruhusa huko, ukiwa na familia sogea mbele kidogo tu, nafasi ipo tele.

Ukirudi usibebe mchanga wala mawe, hasa zile chembe nyeupe zinazofanana na bisi za pale karibu na Corralejo, ni mabaki ya mwani yaliyochukua miaka mingi kutengenezeka na uwanja wa ndege wanazinyang'anya. Beba jibini, kama nchi unayorudi inaruhusu kuiingiza, mwambie muuzaji akufungie kwa plastiki ya kunyonya hewa, na uiweke kwenye begi kubwa, sio la mkononi.