Jinsi ya kulinganisha jeni za samaki dume na jike wa baharini bila kujidanganya

Ukitaja kulinganisha jeni za dume na jike, yaani kupima RNA (nakala ambazo jeni inatoa ikiwa inafanya kazi) ili ujue jeni ipi inawaka zaidi kwa nani, watu wanawaza kompyuta tu, mara programu gani nzuri, mara mashine iwe na memori kiasi gani, kumbe kazi kubwa inaisha au inaharibika pale mezani unapompasua samaki. Kwa hiyo naanzia huko, kompyuta itafuata.

Cha kwanza jua samaki wako anapataje jinsia, maana samaki hawana kanuni moja. Cynoglossus semilaevis, samaki bapa, ana kromosomu za Z na W, jike ndo ZW, na jeni ya dmrt1 inayoendesha udume imekaa kwenye Z. Takifugu rubripes, yule wa sumu, udume na ujike wake umesimama kwenye herufi moja tu tofauti ndani ya jeni ya amhr2. Dicentrarchus labrax ndo kabisaa, jeni nyingi kila moja inachangia kidogo alafu joto la maji nalo linaingilia. Na kuna wanaogeuka ukubwani, chewa wengi wanaanza majike baadae wanakuwa madume, samaki klauni wao wanaanza madume ndo wanakuja kuwa majike, so ukichukua chewa jike mdogo na dume mkubwa ukawalinganisha hapo umepima jinsia pamoja na umri pamoja na ukubwa, na hakuna hesabu itakayokuja kuvitenganisha baadae. Hata huyo Cynoglossus ana ZW wanaogeuka madume, nje dume, kromosomu za jike. Ukiweza pima vyote viwili, kromosomu na tezi zenyewe za uzazi.

Idadi: lenga samaki 6 kila jinsia au zaidi. Watatu utaona watu wanatumia ila tofauti ndogondogo zote zitakupita. Na usichanganye RNA za samaki watano kwenye kichupa kimoja ukasema nimetumia watano, hiyo ni sampuli moja, tofauti ya samaki na samaki umeshaizika. Siku ya kupasua pia usianze na madume wote asubuhi majike jioni, pasua dume, jike, dume, jike, hivyohivyo mpaka mwisho, na RNA uitoe kwa mpangilio huohuo.

Kiungo gani sasa? Tezi za uzazi zitakupa maelfu ya jeni zinazotofautiana, ubongo mara nyingi chache sana, ini lipo katikati ila lina mambo yake. Msimu wa mayai ini la jike linazalisha vitellogenin, protini ya kiini cha yai, estrojeni ndo inaliamuru, alafu protini inasafiri na damu mpaka kwenye ovari. Kwa hiyo jeni za vtg kwenye ini la jike zinawaka kupita kiasi na kwa dume ziko karibu na sifuri. Ukikuta dume ambaye vtg inawaka, kwanza hakikisha hujabadilisha vichupa, na kama vichupa viko sawa angalia maji aliyotoka, kemikali zinazoiga estrojeni zinafanya madume wawashe jeni hiyo na ndo maana watu wanaitumia kupima uchafuzi.

Mezani: mpime uzito na urefu, toa tezi, pima uzito wake, gawa kwa uzito wa samaki zidisha kwa 100, hiyo namba inakuambia amekomaa kiasi gani. Tezi kata vipande vitatu, kimoja cha RNA, kimoja kwenye formalini kwa ajili ya kuangalia kwa darubini, kimoja akiba. Hicho cha darubini usikiruke hata kama unaharaka, samaki wengi kwa nje dume na jike hawatofautiani na anayegeuka anaweza kuwa na tishu za pande zote mbili kwenye tezi moja. Cha RNA kiwe chembamba, unene chini ya nusu sentimita, kikae kwenye RNAlater, dawa ya kuhifadhi RNA, usiku mzima kwenye frija la kawaida ndo ukigandishe. Kikiwa kinene dawa haifiki katikati. Mkasi usafishe kila samaki, sio mwisho wa siku.

Hapa kuna kitu kinawatoa watu jasho. Unatoa RNA ya ovari, unapima ubora wake, RIN, alama ya ubora wa RNA ambayo mwisho wake ni 10, inakuja mbovu, 4 au hata mashine inakataa kutoa namba, unataka kutupa. Subiri kwanza. Mayai machanga ya samaki yanalimbikiza 5S rRNA nyingi mno, hiyo ni RNA fupi ya ribosomu, 18S na 28S ni ndugu zake warefu, kwenye mchoro inatoka kilima kikubwa upande wa vipande vidogo huku vilima vya 18S na 28S vikionekana vifupi, mashine inadhani RNA imekatikakatika. Usiangalie namba, angalia mchoro: kama kilima cha 5S kimesimama peke yake na kati yake na 18S pako tambarare, RNA yako nzima. Kama ni mteremko umetapakaa kotekote hiyo kweli imeharibika. Ini la samaki huyohuyo mliloliandaa pamoja litakupa picha ya pili.

Kompyuta sasa. Vipande vya RNA milioni 20 hadi 30 vilivyosomwa na mashine kwa kila sampuli vinatosha kazi nyingi. Angalia ubora kwa FastQC, safisha kwa fastp, hesabu kwa Salmon au STAR kwa kutumia jenomu (DNA yote) ya spishi yako kama ipo kwenye hifadhi za data za Ensembl au NCBI. Samaki mababu zao waliwahi kurudufisha jenomu nzima so jeni nyingi ziko mbilimbili, cyp19a1a ni ya ovari zaidi na cyp19a1b ya ubongo, ukizichanganya hadithi yako yote inageuka. DESeq2, programu inayotafuta jeni zinazotofautiana, ipe hesabu ghafi, usiipe TPM (hesabu zilizokwisha kusawazishwa), na kwenye fomula weka mkupuo, yaani sampuli zipi ziliandaliwa pamoja, kabla ya jinsia. Chora PCA, mchoro unaoweka sampuli zinazofanana karibukaribu, kabla ya kitu kingine chochote. Ovari inatakiwa iwake foxl2, cyp19a1a na jeni za zp, korodani iwake dmrt1, amh na gsdf, sampuli ikikaa upande usio wake rudi kwenye picha ya darubini.

Alafu ukipata jeni 8000 zinatofautiana kati ya ovari na korodani usishangilie sana. Ovari iliyokomaa ni ghala, imejaa RNA zilizowekwa akiba kwa ajili ya kiinitete, korodani ni kiwanda kinachozalisha mda wote, na seli zake ni aina tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya aina za seli, haimaanishi jeni imepandishwa au kushushwa ndani ya seli ileile. Pia DESeq2 inasawazisha sampuli ikiamini jeni nyingi hazijabadilika, dhana ambayo kwa tezi hizi inayumba, kwa hiyo tofauti ndogo za mara moja na nusu kwenye tezi mi siziamini, naangalia kubwa.

Ukithibitisha kwa qPCR, kipimo cha jeni mojamoja, usitumie 18S kama jeni ya kulinganishia kwenye ovari, sababu umeshaiona juu. Chukua jeni tatu nne za kulinganishia, ef1a na jeni za protini za ribosomu mfano, zijaribu kwenye sampuli za dume na za jike, isiyotulia toa. Na ukipandisha data kwenye SRA, hifadhi ya data za jeni iliyo wazi kwa wote, jaza na hatua ya ukomavu ya kila samaki, ukiandika dume na jike tu atakayekuja kuzitumia hatajua alikuwa msimu wa kutaga au la.